Sifa za Marehemu Fyuzi

Gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982, na siku hizi ndiyo inayotuwashia taa Mtwara na Lindi. Lakini gari likigoma kwenye mchanga wa njia ya Msimbati, gesi yote hiyo haikufai kitu. Mwenye kauli hapo ni bwana mdogo anayeitwa fyuzi, na kwa kuwa watu wetu husifiwa wakishakufa, namsifu aliyeungua.

Kifo chake huanza kwa wema. Betri imelala, anatokea msamaria na nyaya za kubusti. Zamani moja ilikuwa nyekundu na nyingine nyeusi. Jua na chumvi ya pwani vimezifanya zote mbili rangi ya pweza mkavu. Chanya inabanwa kwenye hasi, cheche zinaruka, na kila aliyekuwa akitoa maelekezo ghafla anakumbuka ana shughuli Mikindani.

Fyuzi kuu haendi popote. Umeme ukiingia kinyume, dayodi za alteneta, ambazo kazi yake ni kuuzuia, huuachia upite, na unapita kwa fujo. Yeye, mwenye ampea zake 100 au 120, hukatika kwanza. Haombi posho, haundi tume. Nionyesheni mheshimiwa mwingine anayewajibika ndani ya sekunde moja!

Wadogo zake wamo kwenye boksi: nyekundu wa ampea 10, bluu wa 15, njano wa 20, kijani wa 30. Fundi humchomoa mmoja mmoja, akamwinua juani, akautazama ule utepe mwembamba ndani ya plastiki kama umekatika. Wapo wanaomrithisha kiti chake kipande cha waya, eti waya haungui. Kweli haungui, huungua gari.

Msiba wenyewe hauishi kwa kuweka fyuzi mpya. Injini ikinguruma, fundi anapima betri. Akisoma volti 14 hivi, marehemu hakufa bure. Ikiganda kwenye 12, dayodi zimemfuata kaburini, na hapo tunazungumzia bei ya alteneta.

Bei hiyo ungependa kuijadili na yule msamaria. Bahati mbaya ameshafika Kilambo, kando ya Ruvuma, na simu yake inashika mtandao wa Msumbiji.