Sifa za Mota Kuukuu ya Dirisha

Katika shehena zote zinazoshushwa kutoka Japani, hakuna kilichodharauliwa kama mota kuukuu ya dirisha la gari, na hakuna kilichoiunganisha nchi hii zaidi yake. Tumeusifu ugatuzi tangu 2013, tukakata tepe na kusikiliza hotuba. Lakini ni mota hii inayomtoa mwenye Probox hapa Misikhu na kumfanya raia wa kaunti mbili. Misikhu haipo ya kulingana, basi anashuka Webuye. Webuye wanamwelekeza Bungoma mjini. Bungoma wanaapa kwamba Kitale haikosi, naye anapanda kupitia Kamukuywa na Kiminini, anaingia Trans Nzoia bila kuona tofauti yoyote isipokuwa ya bei. Kitale nao wanapiga simu Nairobi, barabara ya Kirinyaga ambayo mafundi hawajaacha kuiita Grogan, na mota inasafirishwa usiku kwa matatu, imelipiwa nauli kama abiria mwenye heshima zake. Ni wizara gani ya utangamano iliyowahi kuwakutanisha watu wengi hivyo, wote wakiulizana jambo moja, na bila posho ya kikao?

Fadhila zake nyingine ni za kutaja tu. Huwapa abiria hewa safi, hasa wakati wa mvua. Huwaonjesha wenye magari vumbi ambalo waendao kwa miguu hulila kila siku. Penye kizuizi cha polisi hufundisha adabu, maana dereva hana budi kufungua mlango mzima ili aitikie salamu.

Atatokea wa kupinga: si mota zote ni sawa, kwa nini mtu azunguke hivyo? Hazilingani, na wahandisi wana sababu zao. Ya kulia haikai kushoto. Meno ya gia yakitofautiana kidogo, haishiki mashine ya dirisha. Ya dereva, kwenye magari mengi ambayo kioo hupanda chenyewe, ina waya sita badala ya mbili, kwa kuwa ndani mna kihisi kinachofuatilia mzunguko ili kioo kisibane mkono wa mtoto. Tena kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu gari lililozidi miaka minane kuingia nchini, na wengi hununua lililokaribia ukomo huo kwa sababu ya bei. Mota inapokufa, Japani muundo umeshabadilishwa. Hayo yote yanavumilika.

Lisilovumilika ni muuzaji ambaye hajauliza mwaka wa gari wala mlango gani, na tayari ameshasema, “Hii inaingia, boss.” Inaingia wapi? Mfukoni mwake! Ikikataa, risiti ina muhuri kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ilifuata 2012. Muhuri wa mpira umezishinda zote mbili, na hakuna ofisa anayeingia dukani kuuliza ulipata wapi uwezo huo. Serikali ya kaunti hulijua duka vizuri sana siku ya leseni ya biashara. Baada ya hapo hupoteza njia.

Wauzaji watajitetea kwamba nao hununua mchanganyiko, na kwamba mitumba ni bahati. Ni kweli, ndiyo maana ni rahisi. Ila bahati ambayo hasara yake hulipwa na upande mmoja, pamoja na nauli ya kurudi Misikhu, ina jina jingine. Mota imetoka kiwandani na namba yake: za Toyota kwa kawaida huanza na 85710 kwa mlango wa mbele kulia, na 85720 kwa kushoto. Kuinakili kwenye mfuko ni kazi ya kalamu. Kujua kama ile ya waya mbili inazunguka ni kazi ya betri na dakika moja, lakini mteja akiomba huambiwa akajaribie nyumbani. Kaunti hizi mbili zinazotoza leseni kila mwaka zingeweza kuandika masharti chini ya karatasi hiyo hiyo: betri iwe mezani, namba iwe kwenye mfuko, na muhuri ule ukabidhiwe askari wa kaunti pamoja na ada.