Wote Tulizaliwa Januari Mosi

Mtu aliyekulia Nyarugusu haogopi kuhojiwa. Kambi hiyo ya wakimbizi, huko Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996, tukiwa tumekimbia vita Kivu Kusini, Kongo, na kuvuka Ziwa Tanganyika, na tangu hapo kazi yetu kubwa ilikuwa kujibu maswali. UNHCR wakuulize, serikali ikuulize, kisha wale wanaoandaa safari za Marekani wakuulize upya yale yale, huku wakichungulia kama majibu yanalingana. Ukisema leo mlivuka usiku, na zamani ulisema alfajiri, faili lako litalala kabatini mpaka mjukuu wako aanze shule. Basi kila mmoja alikuwa na hadithi yake kichwani, na tarehe zake, kama sala.

Ndiyo maana nilipoitwa intavyuu ya kazi kwenye mgahawa mmoja huku Louisville, Kentucky, nililala usingizi mnono. Ni mgahawa ambao mteja anapita mbele ya kioo akionyesha kwa kidole: wali, maharage, nyama, saladi, kisha analipa. Tulikwenda watatu, wote wa Nyarugusu: mimi, kijana mmoja tuliyesoma naye kambini, na mzee wa kwetu Fizi ninayemwita baba mdogo. Kwa damu hatuhusiani. Nyumba yake ya udongo ilikuwa inatazamana na yetu, na hiyo inatosha.

Meneja, binti mdogo tu, akatukalisha meza moja. Akanitazama akasema, "Hebu jieleze kidogo."

Kidogo! Nilianzia 1996. Nikamtajia babu, mtumbwi, Kigoma, Kasulu, hema. Nilipofika 2015, Warundi walipoanza kumiminika kambini, nikaona anaangalia saa. Akaniuliza kama nina uzoefu na foleni. Nikamwambia utoto wangu wote uliishia kwenye foleni: ya maji, ya zahanati, ya mgawo wa unga na mafuta wa WFP. Hakuna anayejua kuliko mimi anachowaza mtu pale foleni inapokataa kusogea. Hilo akaliandika.

Sasa, kabla ya safari, kambini kulikuwa na darasa la kuwaandaa watu kwa maisha ya Marekani. Mwalimu wetu alisisitiza tumtazame bosi machoni. Kwetu kumkodolea macho mtu unayemheshimu ni ufedhuli, lakini baba mdogo ni mtiifu: alimkazia yule binti macho tangu salamu, hakupepesa. Masikini wa Mungu alianza kulihoji dirisha.

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?" akauliza.

Kijana akajibu kwamba anajituma kupita kiasi. Mimi nikasema najituma kupita kiasi. Baba mdogo akasema kwa Kiswahili, nikamtafsiria: anajituma kupita kiasi. Mwalimu wetu alikuwa mmoja.

Meneja akavuta fomu. Januari mosi. Akageuza ya pili: Januari mosi. Ya tatu sina haja ya kusema. Wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, na asiyejua siku yake huandikiwa hiyo. Lakini yeye angejuaje?

"Ninyi ni ndugu?"

Baba mdogo, ambaye Kiingereza chake chote ni kile cha ofisini kambini, neno hilo alilielewa. Akaruka kutoka kwenye kiti. "Hapana! Hatuko kadi moja!" Kambini, kadi moja ilikuwa familia moja, na kuongeza ndugu kwenye faili katikati ya maandalizi ya safari ilikuwa kuichelewesha safari yenyewe.

Akauliza tunajiona wapi baada ya miaka mitano. Marehemu baba aliulizwa jambo kama hilo tulipofika Nyarugusu, akasema ndani ya miezi sita tutakuwa tumerudi Fizi. Akakataa hata kupanda mwembe. Tulikula maembe ya jirani miaka na miaka. Mimi nikajibu, "Nyuma ya kioo hiki, Mungu akipenda."

Akatupa majaribio saa hiyo hiyo. Mimi maharage, baba mdogo wali. Mteja wa kwanza akapita, nikamjazia kijiko mpaka kikawa kilima. Meneja akanisogelea, akanionyesha kwamba kijiko husawazishwa juu, kila mtu apate kipimo kile kile.

Baba mdogo akaninong'oneza kwa Kibembe, "Hata huku WFP wamefika?" Kisha akamwongezea mteja wali.