Profesa wa Noti Nyeupe

Tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ukumbi mmoja mjini Kayanga lilisomeka hivi: "Kuupiga kwa Piano Wimbo wa Jazi wa Enzi za Vita, na Kuienzi Historia Yake." Juu ya mada, kwa herufi zilizoizidi ukubwa mara tatu, lilikaa jina la mtoa mada likitanguliwa na msafara wa vyeo: Profesa, Maestro, Balozi. Chuo hakikutajwa, wala nchi iliyompa ubalozi. Hapa ataitwa Profesa tu, maana ndivyo alivyoomba aitwe, na aliomba mara nyingi.

Watu walijaa. Walikuja wanakwaya wa Omurushaka na Bugene, walimu wa shule za msingi, wakulima waliokuwa wakisubiri malipo ya kahawa na hawakuwa na pengine pa kusubiria, na kundi lililopanda Hiace tangu alfajiri kutoka Nkwenda na Isingiro, upande wa Kyerwa. Kiingilio kilikuwa shilingi 5,000. Cheti cha ushiriki kiliuzwa shilingi 10,000, na vyeti vyote vilikuwa vimeshasainiwa kabla mhadhara haujaanza.

Profesa aliingia saa nane mchana, amevaa koti la mikia miwili na skafu shingoni. Nyuma yake msichana wa kidato cha tano, mpiga kinanda wa kwaya, alibeba kibodi, stendi yake, waya zake na begi la Profesa. Kijana mmoja alinyanyuka akauliza kama kuna haja ya kusaidia. Profesa alimshukuru, akasema hajachoka.

Historia ya wimbo ilianza na historia ya Profesa. Babu wa babu yake, alisema, alikuwa mpiga nanga, ile ala ya nyuzi, katika makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika kule Bweranyange, na ndiye aliyemfunulia mpelelezi James Grant siri za jazi. Habari hii ina upande wenye mashiko. Grant kweli alibaki Karagwe mwanzoni mwa mwaka 1862, mguu ukimsumbua, huku mwenzake Speke akiendelea na safari ya Buganda. Nanga nayo kweli ilipigwa katika nchi hii, ikibeba tenzi za mashujaa ambazo M. M. Mulokozi, profesa wa aina ile inayotambuliwa na vyuo vikuu, amezitafiti kwa miaka mingi. Kasoro ni jazi. Rekodi ya kwanza kuuzwa kwa jina hilo ilitoka Marekani mwaka 1917, yaani miaka 55 baadaye. Mzee mmoja wa safu ya mbele alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaazima vya jirani yake.

Kisha Profesa aliinua fremu yenye kioo. Ndani yake mlikuwa na stashahada ya piano iliyogongwa mhuri wa duara: "Wilaya ya Kyerwa, 1998." Upande wa Karagwe ulinyamaza kwa heshima. Upande wa Kyerwa ulinyamaza kwa sababu nyingine. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Diwani mstaafu wa huko, aliyemaliza jozi kadhaa za viatu akihudhuria vikao vya kuidai wilaya hiyo, aliomba fremu ipitishwe aisome kwa karibu. Profesa alijibu kwamba karatasi ile haipendi mwanga.

Ilipotimia saa ya kwanza, wimbo ulitajwa: "Take the 'A' Train." Duke Ellington, alisema Profesa huku sauti ikitetemeka, aliutunga ndani ya handaki, mabomu yakivuma juu ya kofia yake, ili kuienzi treni iliyobeba wanajeshi kwenda mstari wa mbele. Na ile A, akamalizia, ni A ya Afrika. Ukumbi ulipiga makofi, kwa kuwa lilikuwa jambo zuri kulisikia.

Treni yenyewe haikubeba jeshi. Ni laini A ya treni za chini ya ardhi za New York, iliyofunguliwa mwaka 1932, na hadi leo inawapeleka watu Harlem kutoka kazini wakiwa na mifuko ya sokoni. Desemba 1938, mjini Pittsburgh, Ellington alikutana na kijana mpiga piano wa miaka 23 aitwaye Billy Strayhorn. Alimpenda, akamwelekeza namna ya kufika kwake New York, na Strayhorn akayageuza maelekezo yale ya njia kuwa wimbo. Kwa hiyo mtunzi si Ellington. Handaki pekee katika kisa hiki ni lile linalopita reli.

Kilichousukuma wimbo hadi studio ni ugomvi wa ada, na hapa mtu angetegemea Profesa awe na maarifa ya kutosha. Januari 1941 vituo vikubwa vya redio vya Marekani viligoma kulipa viwango vipya vya ASCAP, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi. Nyimbo za wanachama wake, Ellington akiwamo, zikatoweka hewani. Strayhorn hakuwa mwanachama. Yeye na Mercer, mtoto wa Ellington, wakapewa kazi ya kuijazia bendi ya Ellington nyimbo mpya upesi. Mercer alisimulia baadaye kwamba karatasi ya "A Train" aliiokota kwenye pipa la taka, ambako Strayhorn alikuwa ameitupa kwa kuona inafanana mno na kazi za mwanamuziki mwingine, Fletcher Henderson. Bendi iliurekodi tarehe 15 Februari 1941. Marekani iliingia vitani Desemba mwaka huohuo.

Vita iliukuta wimbo umeshazaliwa na ikauchukua. Mwaka 1943 bendi ya Ellington iliupiga katika "Reveille with Beverly", filamu inayomhusu mtangazaji anayewachezea wanajeshi santuri asubuhi. Wakati huo chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa kimegoma kurekodi tangu Agosti 1942, na jeshi lilikuwa likitoa santuri zake lenyewe kwa askari walio ng'ambo. Hayo yote yangeujaza mhadhara wa saa mbili na bado yangebaki. Profesa aliyapita kwa sentensi moja, kwamba vita ilikuwa kubwa, kisha akaeleza kwa dakika ishirini jinsi balozi mmoja alivyowahi kuisifu skafu yake.

Msichana wa kibodi alinyoosha mkono. Alikuwa na daftari alilolijaza solfa ya wimbo huo, sauti baada ya sauti, kwa kuisikiliza rekodi ya 1941 kwenye simu.

"Samahani, Profesa. Mtunzi si Billy Strayhorn?"

"Strayhorn, binti yangu," Profesa alijibu kwa upole wa mtu anayesamehe, "alikuwa mbeba mizigo wa Ellington."

Msichana alilitazama begi lililokuwa miguuni pake, akaketi.

Jina la Strayhorn liko kwenye lebo ya santuri ile. Alipanga na kutunga muziki wa bendi ya Ellington kwa karibu miaka thelathini, hadi alipofariki Mei 1967, na Ellington mwenyewe hakuona haya kumtaja na kumsifu hadharani. Profesa alidai kuwa habari zake zinatoka kwa mwanafunzi wa Ellington aliyekutana na bwana huyo Bukoba, akisubiri meli. Ukanda huu wa Afrika Ellington aliufikia mwaka 1973, alipopiga Addis Ababa na kupokea nishani kutoka kwa Haile Selassie. Kutoka hapo hadi bandari ya Bukoba ni mwendo mrefu, hata kwa mtu mwenye treni.

Ndipo likaja suala la vita, ambalo mgeni mwenye busara angeligusa kwa tahadhari. "Ninyi watu wa huku," alisema Profesa, "vita mnaisikia redioni. Hamwezi kuyaelewa machungu ya wimbo huu bila mimi." Aliyasema hayo ndani ya Mkoa wa Kagera, mbele ya watu waliozidi umri wa miaka hamsini. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka mwezi uliofuata. Katika safu ya tatu alikuwapo mama aliyekimbia usiku na watoto wawili na mbuzi. Alimtazama Profesa kwa muda, akafungua kikapu, akaendelea kutafuna kahawa yake.

Mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa mwenyekiti wa shughuli, alijaribu kumwokoa. Aliuliza kama mhadhara ungeweza kugusa wanamuziki wa kwetu waliopitia vita ileile ya pili ya dunia. Alimtaja Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kenya, aliyehudumu katika kitengo cha burudani cha King's African Rifles hadi Burma, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa gitaa la umeme Afrika Mashariki. Akaitaja Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944 vita ikiwa bado inawaka, na Dar es Salaam Jazz iliyoitangulia tangu 1932. Akaongeza kuwa Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, na kwamba bila shaka baadhi yao walirudi na nyimbo vichwani.

"Hao," Profesa alisema, "hawakuwa na piano."

Ilikuwa kauli yake ya kwanza iliyokaribia ukweli, na aliifurahia kupita kiasi. Piano ilikuwa chombo cha wenye nyumba kubwa na makanisa, na bendi za dansi zilisimama juu ya magitaa, ngoma na tarumbeta. Lakini Profesa hakuishia hapo. Alisema yeye piano alishushiwa kutoka mbinguni.

Alimaanisha alichosema. Wakati wa vita kampuni ya Steinway ilitengeneza kwa ajili ya jeshi la Marekani piano ndogo za wima zaidi ya 2,400, zikapakwa rangi za kijeshi, na nyingine zikaangushwa kwa parachuti pamoja na vifaa vya kuzitengenezea. Huo ni ukweli, na ni ukweli mtamu. Profesa aliuchukua akaurusha hadi Kyerwa. Piano moja, alisema, ilipeperushwa na upepo, ikavuka bara, ikatua karibu na Murongo kwenye machimbo ya bati, na ndiyo aliyojifunzia utotoni.

Machimbo ya bati ya Kyerwa ni ya tangu enzi za ukoloni, na madini hayo yaliwindwa zaidi Japani ilipoiteka Malaya na bati yake mwaka 1942. Mama mmoja ambaye baba yake alichimba huko alisema hakuwahi kusimuliwa habari za piano, ila pengine ilitua siku ya Jumapili. Akauliza ilikuwa na noti ngapi.

"Nyingi," alisema Profesa. "Na nyeupe kwelikweli."

Hatimaye aliketi. Akakunja mikia ya koti, akaomba ukimya, akaomba maji, akaomba apigwe picha akiwa amefumba macho. Kisha akaanza kupiga, kwa vidole vinne, na vipimo viwili vya kwanza vikapita salama.

Wimbo huu uko katika Doh ni C, una vipimo 32, na kwa sehemu kubwa ni rafiki wa noti nyeupe. Ila kwenye kipimo cha tatu Strayhorn aliiinua so ikawa se, na chini yake akaweka kordi ya D saba ambayo tano yake imeshushwa. Sauti hiyo moja ndiyo inayomfanya msikilizaji ageuze shingo. Haipatikani bila noti nyeusi. Profesa alipiga so. Wanakwaya waliolelewa na solfa tangu shule ya Jumapili walitazamana, kisha wote kwa pamoja, bila kuamriwa, wakaimba se. Alirudia. Wakaimba tena, mara hii kwa sauti nne.

"Hiyo ni tafsiri yangu," alisema.

Mwenyekiti akataja kwa adabu kwamba katika rekodi bendi hupanda kutoka C hadi E-flati wimbo ukiwa umefika katikati. Profesa aliinama akaanza kutafuta kitufe cha transpozi. Akabonyeza kingine, na kibodi ikaanza kupiga "Jingle Bells" yenyewe, kwa ustadi uliozidi kila kilichosikika tangu saa nane.

Msichana alizima mtambo, akafungua daftari. Alipiga utangulizi, akaipata se mahali pake, akapita daraja la katikati bila kuharakisha, na wimbo ulipopanda E-flati vidole vyake vilipanda nao, noti nyeusi kwa nyeupe. Watu wa Isingiro walisimama. Kabla kordi ya mwisho haijafifia, Profesa alikuwa ameshafika kati ya kibodi na ukumbi, akiinama kulia, kushoto na katikati. Alitangaza kwamba wote wameshuhudia mbinu yake, aliyoiweka ndani ya mwanafunzi wake katika muda mfupi sana. Walikuwa wamefahamiana tangu asubuhi, alipomkabidhi begi.

Foleni ya vyeti ilikuwa fupi. Diwani mstaafu alisimama wa kwanza, noti ya shilingi 10,000 mkononi. Alisema amependezwa na uwezo wa Profesa wa kupata mihuri ya wilaya ambazo hazijaundwa, na kwamba wapo watu huko kwao ambao wangependa Murongo nayo iwe wilaya. Je, cheti chake kinaweza kugongwa "Wilaya ya Murongo"?

Profesa alitoa kalamu, akauliza iandikwe ya mwaka gani, akamwambia ya tarehe za nyuma ni bei tofauti.