Barua ya Wazi kwa Kamati ya Safari ya Songea

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe watukufu wa Kamati ya Safari za Mafunzo, katika shule wanamosoma watoto wetu, Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Ama baada ya salamu na taadhima ziwastahilizo watu wa daraja yenu, napenda kuwaarifu kuwa waraka wenu kwa wazazi, uhusuo safari ya kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kuzuru Makumbusho ya Majimaji, umenifikia salama, nami nimeusoma kwa utulivu tangu muhuri wa juu hadi sahihi ya chini, nikaistaajabia tadbiri iliyomo, maana si kila kamati iliyojaliwa kipawa cha kupanga safari ya kilometa zikaribiazo elfu moja ikakumbuka kila kitu isipokuwa kile kinachofuatwa huko.

Nitangulize sifa, kama ada ya waungwana ilivyo. Mmekumbuka fulana, nyeupe kwa wanafunzi na buluu kwa wajumbe, zenye jina la shule kifuani na jina la Mwenyekiti mgongoni. Mmekumbuka bango la kufungwa ubavuni mwa basi, na mpiga picha, na kituo cha Mikumi ili watoto waone twiga, na kituo cha Makambako ili wajumbe wapate supu. Mmekumbuka posho ya siku za kwenda, za kukaa na za kurudi, pamoja na siku moja ya ziada iliyopewa lakabu ya siku ya tathmini, ambayo kwa bahati njema itafanyika hotelini. Kiingilio cha makumbusho nacho hakikusahauliwa: nimekiona mwisho wa jedwali la gharama, chini ya dawa za kichefuchefu na betri za kipaza sauti.

Ratiba ya siku yenyewe ndiyo iliyonivua kofia. Saa tatu asubuhi wanafunzi watawasili na kupangwa mistari. Saa tatu na nusu wataanza kumngojea mgeni rasmi. Saa tano, kama Mungu amemfikisha, mgeni rasmi atahutubu. Baada yake litafuata neno la shukrani, kisha jibu la neno la shukrani, kisha picha za makundi kwa kufuata vyeo. Saa saba na dakika arobaini hadi saa nane kamili kumeandikwa “kutembelea makumbusho”, na ndani ya mabano, kwa herufi ndogo za kistaarabu, “maswali hayataruhusiwa ili kuokoa muda”. Saa nane ni chakula, na chakula hakikuwekewa ukomo.

Basi ni dakika 20. Katika dakika hizo watoto watapita mbele ya sanamu za viongozi wa Kingoni, watatupia jicho mikuki na ngao, watafika penye kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Walionyongwa siku ile ni watu 67, na mimi, niliyefundishwa hesabu za kugawanya kabla ya zama za kamati, nimeona kwamba kila mmoja wao ametengewa sekunde zisizotimia 18, iwapo sanamu, mikuki na ngao hazitapewa hata moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wote unaitwa kwa jina lake, na ambaye aliuawa siku chache baada ya wenzake akazikwa peke yake, itabidi asubiri safari nyingine. Naye amezoea kusubiri, kwa kuwa jamaa zake wangali wanakidai kichwa chake, wasemacho kwamba kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani.

Lakini katika hayo yote, kilichonidhihirishia upeo wa busara yenu ni lile katazo la maswali. Hakika mtoto akiachiwa mdomo wazi mahali kama pale huweza kuleta nuksani kubwa. Mmoja atauliza vita vya Majimaji viliwashwa na nini, na hapo itampasa mwalimu ayataje mashamba ya pamba yaliyoamriwa na serikali ya Kijerumani tangu mwaka 1902, ambamo watu walitolewa majumbani mwao wakalime kwa nguvu, kwa ujira wa senti chache ambazo wengine waliona fedheha hata kuzipokea, mpaka ilipofika Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, wakaing’oa miche ya pamba kuwa ishara ya vita. Wa pili atauliza akida aliyewasimamia wakulima wale alikuwa nani, na jawabu, tukitaka kusema kweli, ni kwamba aghalabu alikuwa mtu wa pwani, mwenye kuzungumza lugha hii hii tunayoandikiana. Wa tatu atauliza waliokufa walikuwa wangapi. Ataambiwa kuwa upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na askari Waafrika 389, ilhali upande wa pili makadirio ya watawala wenyewe yalikuwa watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wameyapandisha hadi 250,000 na zaidi, wengi wao wakiwa hawakuguswa na risasi, ila waliuawa na njaa iliyotengenezwa kwa makusudi, kwa kuchoma mashamba na maghala. Mtoto aliyekwisha kuyajua hayo hashibi tena kwa hotuba, na mgeni rasmi hakuitwa ili aaibishwe.

Nimeiona pia ripoti ya safari mliyoiambatisha, ambayo tayari imekwisha andikwa na kupigwa chapa, ikieleza kwamba wanafunzi “walifurahi sana na kujifunza mengi”, ikabakizwa nafasi moja tu ya kujaza tarehe. Nawapongeza. Nabii hutabiri, nyinyi mmethibitisha.

Laiti wangekuwa na kamati kama yenu wale vijana wa mwaka 1968, ambao idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma vijijini kuwatafuta wazee walioviona vita hivyo kwa macho yao, wakawauliza, wakasikiliza, wakaandika! Masikini, hawakuwa na fulana wala bango, na matokeo yake walirudi na ushahidi wa wazee, ambao sasa wenyewe wametoweka duniani, na karatasi zile ndizo zilizobaki kuwasemea. Kadhalika tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali pale pale Songea, akakutana na wajukuu wa waliouawa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Mgeni alijua ameomba msamaha wa nini. Mtoto wangu atakanyaga ardhi ile ile akiwa hajui, na picha itapendeza sana.

Kwa kuwa muradi wa safari ni picha na ripoti, na ripoti iko tayari, niliwaza kuwashauri mzipeleke fulana peke yake, zipigwe picha mbele ya sanamu, nao watoto wabaki darasani. Lakini nimeona kejeli ina mpaka wake. Kwa hiyo nasema wazi ninachoomba. Kabla ya safari, mwalimu wa historia apewe japo majuma mawili awasomeshe watoto vita vya Majimaji, kila mtoto achukue jina moja katika majina ya wale mashujaa, akalitafute huko. Hotuba zipewe dakika 20, na makumbusho yapewe asubuhi nzima. Maswali yaruhusiwe, hata yale yatakayotutahayarisha sisi watu wa pwani. Ripoti iandikwe na watoto wenyewe, wakirudi.

Mkiyakubali hayo, nitalipa mchango kabla ya tarehe mliyoitaja. Mkiyakataa nitalipa vile vile, madhali waraka unasema mtoto asiyelipiwa hatafanya mtihani, ila nitaomba stakabadhi iandikwe kwa uaminifu: “Malipo ya fulana na chakula.”

Wenu katika utiifu,
Mzazi mmoja miongoni mwa wazazi