Bastola ya Milimita Ngapi Inafaa Karatu?

Ndugu mgeni, hongera kwa shamba lako jipya la mahindi na mbaazi kule Rhotia, kwenye ukingo wa msitu wa Ngorongoro. Tumesikia usiku hulali, na kwamba sasa unawaza bastola ya kujihami. Kinachokusumbua ni milimita tu. Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

1. Mjue adui. Kibaka wa mjini anataka simu yako. Huyu wa Rhotia anataka mahindi, ana tani tano au sita, na huja na ukoo wake.

2. Piga hesabu. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina gramu saba na ushei. Mabingwa wa vijiweni hubishana hadi kunakucha kama hiyo inatosha au afadhali ile nene ya milimita 11.43. Tembo hajawahi kuulizwa maoni yake. Wawindaji wa kitalii humwendea na bunduki za .375 na .458, na risasi ya hiyo ya pili ina nguvu zaidi ya mara kumi ya bastola yako. Ukimpiga kwa milimita 9, utakuwa umemjulisha ulipo. Ukimpiga kwa 11.43, utakuwa umemjulisha kwa msisitizo.

3. Pima umbali. Gizani, mkono ukitetemeka, bastola ina manufaa labda ndani ya mita 20. Tembo aliyekasirika hufika kilomita 24 kwa saa, kwa hiyo mita hizo anazimaliza kwa sekunde tatu. Katika sekunde hizo chomoa bastola, ikoki, lenga, kisha sali kwa kadiri ya dhehebu lako.

4. Shughulikia makaratasi. Bastola bila leseni haishikwi. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ukiipata leseni, usijaribu kupita na bastola kiunoni lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro: kuingia hifadhini na silaha bila ruhusa ni kosa, na askari wa pale wana bunduki ndefu kuliko yako. Ukimuua tembo kuokoa uhai wako, sheria ina nafasi ya kukusikiliza. Lakini utatoa maelezo marefu, na mzoga, pamoja na meno yake, ni mali ya serikali. Wewe utabaki na mahindi yaliyolaliwa.

5. Sasa chagua kipenyo. Kinachofaa kinauzwa duka la dawa, bila leseni: kondomu. Inatiwa unga wa pilipili kali, mchanga na fataki, inafungwa, inawashwa na kurushwa. Ikipasuka, wingu la pilipili hutanda hewani. Tembo ana vinasaba vya kunusa karibu 2,000, binadamu kama 400. Wewe utapiga chafya, yeye atakumbuka ana shughuli msituni. Vikundi vya kufukuza tembo hapa Tanzania hupanda ngazi: kwanza tochi kali, halafu honi, ndipo pilipili, na mwisho fataki za kurusha cheche. Zote zinafanya kazi tembo akiwa bado mbali, mahali ambapo risasi yako ingeua mbaazi tu. Angalia upepo kwanza, na umwachie njia ya kurudi alikotoka.

6. Ukishindwa, jaza fomu. Hata serikali inajua kwamba jambo hili ni la umbali. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kifuta jasho kwa kuangalia shamba liko wapi: aliyelima karibu na hifadhi alipangiwa kidogo, aliyezidi kilomita tano, shilingi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Aliyeuawa, familia yake ilipangiwa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Kwa bei hiyo, heri jasho.

7. Kama bado unaitaka bastola. Linganisha bei yake na ya tochi, honi na gunia la pilipili. Chenji itakayobaki ipeleke kwa majirani zako Wairaqw, ambao wamelinda mahindi hayo muda mrefu kabla wewe hujanunua buti. Waombe wakuingize kwenye zamu. Ya saa nane usiku huwa haikosi nafasi.