Maji ya Magotini: Mwongozo wa Kupiga Kafi Ziwa Tanganyika

Umefika Kigoma likizo, na jamaa zako wa Dar wanasubiri picha. Fuata hatua hizi.

1. Amka saa mbili. Wenyeji watakushauri uingie ziwani alfajiri, kabla upepo haujaamka, hasa kiangazi. Wapuuze. Upepo hauna saa; wewe unayo, tena ya bei.

2. Chagua mtumbwi kwa rangi. Ukikuta dumu lililokatwa ndani yake, litupe ufukweni, ni uchafu huo. Kazi yake ya kukomba maji utaikumbuka mbele ya safari.

3. Jaketi okozi linaharibu picha. Likalie.

4. Piga kafi upande mmoja tu. Mtumbwi ukianza kuzunguka kama pia na watoto wakacheka, waambie unatazama mandhari.

5. Sasa chungulia chini. Maji ni maangavu kama kioo: kila jiwe unaliona, na visamaki vyenye milia vinakutazama. Tamka kwa sauti, "Hapa ni magotini." Simama, simu mkononi, ushuke. Mawe yale yako mita sita chini. Shukuru Mungu hukuchagua katikati: kina cha ziwa hili hufika mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake.

6. Wavuvi watakuwa wanarudi, macho mekundu, wamekesha na taa zao wakivizia dagaa. Kabla hujashuka, uwe umeshawauliza kwa nini usiku wa mwezi mpevu hawavui, kama si uvivu. Watakujibu kwa upole kwamba mbalamwezi ikitanda, dagaa haoni sababu ya kuifuata taa. Tikisa kichwa kama mtaalamu.

7. Ukizama, usione haya. Meli ya Liemba ilizamishwa humu humu mwaka 1916 na Wajerumani wenyewe, wenye meli. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kubeba abiria. Wewe hutangoja miaka minane: yule uliyemwita mvivu atakudaka shati na kukuketisha juu ya dagaa wake. Mwamkie, japo umechelewa.

8. Kuhusu simu: Wajerumani walizipaka mashine za Liemba grisi kwanza, ndipo wakaizamisha. Wewe hukupaka. Lakini usihuzunike, haijapotea. Ile pale, unaiona kabisa.

Magotini.