Mashine Iliyogoma Wiki ya Nanenane

Mtu akikuambia ana mashine ya kukaushia nguo Nzuguni, una haki ya kumshika paji la uso kuona kama ana homa. Dodoma kukausha nguo si kazi ya mtu wala ya mashine. Mvua tunaziona Desemba, zikipenda, na ikifika Mei zimeshaaga. Miezi inayobaki ni jua na upepo mkavu unaopasua midomo na visigino. Suruali ya jinzi ukiianika Agosti saa nne, hujamaliza kunywa chai na kuosha vikombe, imekauka mpaka inasimama yenyewe. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mpwapwa, alipoiona ile mashine aliizunguka yote, akaufungua mlango wake, akachungulia ndani, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, jua limewakosea nini?"

Jua halijatukosea. Mkosaji ni upepo. Kukauka, nguo zinakauka, lakini zinakauka na rangi gani? Tunakaa jirani na viwanja vya Nanenane, na wiki ya maonesho magari na miguu ya watu huitwanga barabara yetu ya vumbi tangu alfajiri. Shati jeupe ukilianika saa tatu, saa tano unaanua la kaki. Ukilirudisha kwenye beseni unapata maji ya rangi ya chai ya maziwa, na unaanza upya, na upepo nao unaanza upya. Kwa hiyo wifi yangu anayeishi Leicester alipoandika kwamba amenunua mashine mpya na anataka kuitoa ile ya zamani, nilimjibu kabla mume wangu hajaiona hiyo meseji. Ikaingia kwenye kontena, ikateremshwa Dar es Salaam, ikapakiwa lori na kupandishwa huku, kilomita kama 450, na ilipofika ikachapa kazi vizuri tu. Nikaifunika kitenge. Mgeni akiuliza ni nini, ni meza.

Ikagoma siku ambayo haikutakiwa kugoma. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ni mtaalamu wa mbegu. Alikuwa amekuja kutoka Singida kusimama kwenye banda na kuwaelekeza wakulima, na koti lake jeupe la kazi, tulilolifua usiku, lilikuwa ndani ya mashine, bichi. Nikageuza swichi, taa ikawaka. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Tik. Basi. Nikabonyeza tena: tik. Dramu halikutikisika.

Nzuguni kitu hakiharibiki kwa siri. Habari ilitoka na mtoto aliyetumwa dukani kununua sabuni, na sabuni haijafika nyumbani, kamati ilishafika. Na kila mjumbe alikuja na ugonjwa wake mwenyewe, akautafutia nafasi ndani ya mashine yangu.

Baba watoto alikwenda moja kwa moja kwenye mita ya LUKU. Huyu bwana na mita ile wana mambo yao. Anajua kwamba mashine ya wati 2,500 hula yuniti mbili na nusu kwa saa ikiwa katika joto kamili. Anajua pia kwamba sisi tumo katika kundi la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, wanaouziwa kwa bei nafuu, na usingizi wake wote unategemea tubaki humo. Alirudi uso umemshuka. "Yuniti zipo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeombea ziwe zimeisha ili shauri lifungwe.

Akafuata mzee jirani, mstaafu wa reli, bisibisi mfukoni. Kwa mzee huyu duniani hakuna ugonjwa ila fyuzi. Redio ikikwaruza, fyuzi. Pikipiki ikikataa, fyuzi. Nimewahi kumsikia akieleza kuachana kwa bwana na bibi fulani wa mtaa wa nyuma, na fyuzi ilikuwamo. Safari hii alikuwa na hoja, kwa sababu plagi za Uingereza ni za miguu mitatu bapa, sawasawa na hizi zetu, na ndani yake hukaa fyuzi ya ampea 13. Akaifungua plagi, akaitoa fyuzi, akaiinua juani jicho moja amelifumba, akaipuliza, akairudisha. "Nzima," akasema kwa masikitiko. Fyuzi zile mwili wake ni wa kauri, unaweza ukaitazama juani mpaka Krismasi usione kitu. Lakini mzee ni mzee, nikanyamaza.

Kijana wa bodaboda yeye aliona tatizo ni umeme: mashine imezoea umeme wa Ulaya, huu wetu haiujui. Mzee wa reli akamkatalia. Sisi na Waingereza ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, akasema, hapo hakuna mgeni wala mwenyeji. Ingekuwa imetoka Marekani sawa, kule mizunguko ni 60, na mota nyingi za mashine hizi hupewa volti 120 tu, ungeichomeka hapa ungesikia harufu kabla ya sauti. Kijana alisikiliza kwa adabu zote mpaka mwisho, kisha akashauri tuipige teke. "Pikipiki yangu huwa inaelewa," akasema.

Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani na mfuko wa ubuyu aliotuletea, akimgawia kila anayeingia. Ushauri hakutoa. Alikuwa na swali moja tu, na kila mjumbe mpya alipopiga hodi alimuuliza hilo hilo: "Kwani kamba yao imekatika?"

Shemeji alikuwa kwenye kigoda, amevaa fulana na tai, anatazama saa. Tulipomgeukia alisema tu, "Mimi ni wa mbegu," tukamwacha.

Tukampigia simu fundi wa pampu za maji, maana fundi wa mashine za kukaushia nguo Nzuguni ungemtoa wapi, na nani angemlisha? Wakati tunamsubiri nikaingia mtandaoni kuwatafuta waliotuletea balaa hili. Nikamkuta George T. Sampson, Mmarekani mweusi, aliyepewa hataza ya kifaa cha kukaushia nguo kwa joto la jiko tarehe 7 Juni 1892. Nikamkuta J. Ross Moore wa North Dakota, jimbo ambalo nguo ukiianika wakati wa baridi inaganda kambani mpaka unaibeba kwapani. Aliichoka kazi hiyo, akajenga banda, akaweka jiko ndani, na baadaye akawa anahangaika na mashine ya pipa linalozunguka. Kampuni ya Hamilton ya Wisconsin ikaichukua kazi yake, na mwaka 1938 mashine ikaingia sokoni kwa jina la June Day, yaani siku ya Juni. Kwa mtu wa kule, Juni ndiyo jua lenyewe. Sisi Juni tunayo, tunayo na Julai, Agosti hii hapa inatuchoma visogo, na bado tumeiagiza kutoka ng'ambo ndani ya sanduku la bati.

Nikamsomea mama mkwe. Akamumunya ubuyu wake, akatema mbegu kwenye kiganja. "Maskini, hawana jua," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

Fundi alikuwa kijana mkimya. "Mbukwenyi," akatusalimu, akavua viatu, akaomba watu wasogee asizibiwe mwanga. Walimweleza yote kwa pamoja, naye akaitikia kwa kichwa yote kwa pamoja, kisha akachomoa plagi ukutani, jambo ambalo, tangu mzee airudishe, katika kamati nzima hakuna aliyelifikiria tena. Akaligeuza dramu kwa mkono. Zito kidogo, kwa hiyo mkanda ni mzima. Ungekuwa umekatika lingezunguka bure. Akafungua bati la mgongoni na mfuniko wa juu, akatoa tester, akagusa fyuzi ya joto, ile inayokatika mashine ikichemka kupita kiasi kwa sababu nyuzinyuzi za nguo zimeziba njia ya hewa. Tester ikalia: piii.

"Nzima tena," akasema mzee wa reli, na safari hii aliketi.

Ikabaki swichi ya mlango. Mlango wa mashine hizi una kiulimi cha plastiki. Ukiufunga, kiulimi kinaingia kwenye tundu na kusukuma swichi iliyojificha ndani, ndipo mota inapopata ruhusa. Mlango ukiwa wazi haizunguki, isije ikamzungusha mtoto au paka. Fundi akapeleka nyaya zake kwenye swichi, akaibonyeza kwa kidole kwa ndani: piii. Akaufunga mlango: kimya. Kidole: piii. Mlango: kimya. Watu waliacha kutafuna.

Akawasha tochi ya simu, akamulika kile kitundu, akaomba njiti ya fagio la chelewa. Kitinda mimba wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa mbele ya kila mtu, akakumbuka kwamba ana usingizi.

Fundi alichokoa taratibu, ulimi nje, na kitu kidogo cha kahawia kikatoka, kikadunda sakafuni, kikaenda kukomea kwenye miguu ya shemeji. Shemeji akakiokota, akakifuta kwa ncha ya tai, akakigeuza huku na huku. Uso ukamng'aa.

"*Adansonia digitata*," akasema.

Mbegu ya ubuyu. Mtu ambaye asubuhi nzima alikuwa hana msaada alisimama katikati ya ukumbi na fulana yake, mbegu kaishika kwa vidole viwili, akaanza kutuelekeza. Tuone umbo lake, limepinda mfano wa figo. Tuone ganda lake. Ganda hili, ndugu zangu, ni gumu mno, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaitia ardhini kavu, wanasubiri, wanakata tamaa, wanasema mbuyu haupandwi. Nyuma yake fundi alishachomeka plagi, mashine ikanguruma, vifungo vya koti vikaanza kugonga dramu, na baba watoto akatoka mbio kwenda kusimama mbele ya mita. Shemeji hakusikia lolote. Mbegu hii, akasema, lazima kwanza uimwagie maji ya moto, uiache ilowe, ndipo iote.

"Maji na moto?" akauliza mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Basi irudishe humo pamoja na koti lako. Angalau tupate mbuyu."